Kiasi, Kipimo na Ushirika: Uhakiki wa Dhana ya Kujitawala katika Ukristo wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna dhana ya kujitawala ilivyojengwa katika matini na desturi tatu za Kikristo za ukanda huu: istilahi za Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ushuhuda wa Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda, na riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Hoja inayotetewa ni kwamba kujitawala kunakofundishwa na imani hakukuwa, katika mapokeo yake yenye nguvu zaidi, kazi ya mtu mmoja aliyeazimia peke yake. Kulikuwa kipimo kilichoshikwa na wengi kwa pamoja. Sera zilizoyatumia makanisa kama njia ya kuwafundisha vijana kujizuia zilikiacha kipimo hicho na kuchukua nadhiri ya mtu binafsi. Makala pia yanaonyesha mahali ambapo ushirika wenyewe ulipungukiwa.

Dhana za msingi: kiasi, kujitawala, Uamsho, ushuhuda, nadhiri

Utangulizi

Sera za vijana, za afya ya uzazi na za udhibiti wa ulevi katika Afrika Mashariki hupenda kuyaita makanisa wadau. Sababu haijifichi. Kanisa lina watu karibu kila kijiji, lina sauti katika mambo ya maadili, na linafundisha jambo ambalo hakuna bunge linaloweza kulitunga, yaani uwezo wa mtu kujizuia mahali ambapo hakuna askari wala shahidi. Wanasaikolojia nao wamelipa wazo hilo uzito. Mwaka 2009 Michael McCullough na Brian Willoughby walichapisha mapitio mapana ya tafiti wakieleza kuwa udini na kujitawala vina uhusiano chanya, na kwamba huenda dini humsaidia mwamini kuchagua malengo yake, kujichunguza na kuimarisha uwezo wake wa kujizuia.

Tatizo linaanzia kwenye kiambishi kimoja kidogo: -ji-. Mtu anaposemwa kuwa *anajitawala*, nani anamtawala nani? Nyaraka nyingi za sera huchukulia kwamba jibu liko wazi: mtu mmoja hupokea mafundisho, huweka azimio moyoni, kisha hulitimiza kwa nguvu zake akisaidiwa na Mungu wake. Picha hiyo si ngeni katika Ukristo, lakini si picha pekee. Wala si ile iliyobadilisha maisha ya watu wengi zaidi katika nchi za Maziwa Makuu katika karne ya 20. Kuihakiki kunahitaji kuanzia kwenye neno lenyewe.

Neno lililochaguliwa

Katika orodha ya tunda la Roho iliyomo katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya tano, neno la mwisho la Kiyunani ni *enkrateia*. Ndani yake mna *kratos*, yaani nguvu au mamlaka. Ni neno la utawala: mtu ana mamlaka juu ya matamanio yake kama bwana aliye na mamlaka juu ya nyumba yake. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952 ikikusudia kuyaunganisha mapokeo ya Mombasa na ya Unguja, haikuweka hapo neno lolote la utawala. Iliweka *kiasi*.

Huo si uteuzi wa bahati katika mstari mmoja. Neno hilohilo linarudi kwa *enkrateia* katika Waraka wa Pili wa Petro na katika hotuba ya Paulo mbele ya Feliki kwenye Matendo ya Mitume. Linarudi pia mahali ambapo Kiyunani kina maneno mengine kabisa: katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, ambapo asili ni *sophronismos*, yaani akili iliyotulia, na katika Waraka wa Kwanza wa Petro, ambapo asili ni kitenzi cha kutolewa kwa pombe, *nepho*. Dhana tatu za Kiyunani zimeingia katika neno moja la Kiswahili. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba pale Paulo anapotumia kitenzi badala ya nomino, akiwazungumzia Wakorintho juu ya wanariadha na juu ya ndoa, tafsiri inaacha *kiasi* na kutumia *kujizuia*. Kwa hiyo wafasiri walikuwa na neno la kujishika mikononi mwao. Walilitumia kwa tendo. Kwa tunda walitaka neno jingine.

Mhakiki anaweza kulalamika kwamba tofauti muhimu imepotea. Kwa Aristotle, katika kitabu cha saba cha maadili yake ya Nikomako, mwenye *enkrateia* si sawa na mwenye *sophrosyne*. Wa kwanza ana tamaa mbaya lakini anazishinda; wa pili hana tena tamaa hizo za kushindana nazo. Kiswahili cha 1952 hakimwezeshi msomaji kuwatenganisha watu hao wawili. Lalamiko hilo ni la haki, lakini linasahau kuuliza ni nini kilichopatikana.

Asili ya *kiasi* ni neno la Kiarabu lenye maana ya kupima na kulinganisha, na katika Kiswahili cha kila siku neno hilo halijawahi kuacha sokoni. Mnunuzi huuliza kiasi gani. Mpishi hutia chumvi kiasi. Nafaka haijipimi yenyewe. Inahitaji pishi au kibaba, na kibaba kina maana kwa sababu muuzaji na mnunuzi wamekubaliana juu ya ukubwa wake. Kwa hiyo neno la Kiswahili, tofauti na la Kiyunani, linaleta ndani ya mstari kitu kilicho nje ya nafsi: kipimo kinachojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Haidaiwi hapa kwamba wafasiri waliwaza hivyo. Inadaiwa tu kwamba ndivyo neno linavyofanya kazi katika sikio la msomaji.

Lina udhaifu wake pia. Anayeambiwa anywe kwa kiasi hajaambiwa aache, na mhubiri anayetaka waumini waiache pombe moja kwa moja hupata taabu na mstari ambao ungepaswa kuwa silaha yake. Pengine ndiyo sababu lugha ya mimbari hukimbilia maneno mengine, *kujinyima*, *kujizuia*, na siku hizi *kujitawala*. Hili la mwisho lilikuwa, katika miaka ya kudai uhuru, neno la siasa: nchi inajitawala inapomwondoa mgeni. Likihamishiwa kwenye maadili linabeba picha ya taifa dogo lenye mipaka, lisilotaka kuingiliwa. Ni mbali sana na kibaba cha sokoni. Kinyarwanda, kwa upande wake, katika tafsiri ya Bibiliya Yera kinatumia *kwirinda*, neno lenye ukoo mmoja na *kujilinda* la Kiswahili. Hapo nafsi ni mlinzi wa lango. Lugha tatu, picha tatu. Na ni katika nchi ya *kwirinda* ambako waumini walijaribu jambo lililofanana zaidi na *kiasi*.

Kuenenda nuruni

Mwezi Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka baada ya njaa kubwa iliyojulikana kama Rwakayihura. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa anatafuta, kama yeye, maisha ya imani yasiyo na unafiki. Wanahistoria wa Uamsho wa Afrika Mashariki hulitaja tukio hilo kama chemchemi. Kwa mada ya makala haya lina maana nyingine: mwanzo wake si mtu mmoja pangoni bali watu wawili waliofungua Biblia pamoja, mmoja Mzungu na mmoja Mwafrika, katika mazingira ya kikoloni ambayo hayakuwazoesha kuambiana ukweli.

Kutoka hapo moto ulihamia Gahini, ambako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa akiwafundisha wainjilisti hadi kifo chake mwanzoni mwa 1936, na ambako Yosiya Kinuka alikuwa miongoni mwa wahudumu wa hospitali walioguswa mapema. Ukaenda Kabale mwaka 1935, ukaingia Burundi, Buhaya, na baadaye Kenya. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole, yaani waliookoka. Wanyarwanda wakawaita abarokore.

Fasihi ya Uamsho ni ushuhuda, na ushuhuda una umbo ambalo wahakiki wa fasihi simulizi hawajalipa uangalifu wa kutosha. Msemaji husimama mbele ya ndugu. Hutaja dhambi kwa jina lake, si kwa jumla. Hutaja aliyemkosea. Husema amekwisha kurudisha alichochukua, au anaomba kusindikizwa akirudishe. Wasikilizaji hupokea kwa wimbo wa sifa wa Kiganda, *Tukutendereza*, ambao ulivuka mipaka ya lugha zote za ukanda. Kuimba huko si pambo. Ni muhuri: ungamo limesikiwa, na kuanzia sasa waliosikia wanahusika nalo.

Ni lazima kutofautisha aina mbili za ushuhuda, kwa sababu zinajenga nafsi mbili tofauti. Aina ya kwanza ni simulizi ya wokovu. Wakati wake ni uliopita wa mbali: msemaji alikuwa mlevi, alikuwa mzinzi, alikuwa mwizi, kisha siku fulani akaokoka. Simulizi hiyo ina shujaa, ina kilele, na mwisho wake ni mzuri. Aina ya pili ni simulizi ya nuru. Wakati wake ni jana na juzi. Msemaji ameokoka miaka mingi iliyopita, lakini jana alimjibu mkewe kwa hasira, au juzi alimwonea wivu mwenzake aliyepandishwa cheo. Hakuna kilele. Hakuna shujaa. Wiki ijayo atasimama tena na jambo jingine.

Kuenenda nuruni, msemo walioutoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, kulikuwa hasa aina hii ya pili. Na hapa ndipo kiasi kilipopatikana. Mtu aliyejua kwamba siku ya ushirika ingefika, na kwamba angekaa na watu walioweza kumuuliza kwa upendo kuhusu pesa, chupa au maneno yake, alikuwa na mahali pa kupimwa kabla tamaa haijawa tabia. Kujizuia kwake hakukutegemea nguvu ya moyo aliyokuwa nayo saa ile ya majaribu, ambayo kila mtu mzima anajua jinsi ilivyo ndogo saa nne za usiku. Kulitegemea uhusiano uliokuwa umejengwa mchana.

Mapokeo haya yalikuwa na gharama, na uhakiki usiozitaja ungekuwa mahubiri. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu Uamsho na uzalendo wa kikabila, ameonyesha jinsi maungamo ya hadharani yalivyowakera wazee na viongozi waliokuwa wakijenga heshima ya makabila yao. Mambo ya nyumbani yalianikwa uwanjani. Anayeungama uzinzi hauungami peke yake. Kuna mwingine ambaye jina lake limetajwa bila ruhusa yake. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi zaidi ya 20 walioshikilia sala na mahubiri ya alfajiri, William Nagenda akiwa mmoja wao, waliondolewa baada ya kukataa kutii agizo la kuacha. Wapo waliowaona ni mashahidi wa kweli. Wapo waliowaona ni vijana wasio na kiasi, na shtaka hilo dhidi ya wahubiri wa kiasi halikuwa bila msingi wowote.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haikutoka Mukono. Ilitoka katika mabadiliko ya fani. Kadiri Uamsho ulivyokua na mikutano mikubwa ikawa mingi, simulizi ya wokovu iliimeza simulizi ya nuru. Jukwaa kubwa haliwezi kubeba ungamo la jana, linahitaji kilele. Msikilizaji wa kikao cha watu kumi na wawili anaweza kumsindikiza ndugu kwenda kulipa deni. Msikilizaji mmoja kati ya elfu kumi hawezi kufanya lolote ila kupiga makofi. Kipaza sauti kilipoingia, kibaba kilitoka.

Fimbo ya Zakaria

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma katika seminari ya Nyegezi, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa kitambo kabla ya kuja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana madarasani. Waliosimamia katazo waliogopa kwamba kitabu kinafundisha uasherati. Ni usomaji wa ajabu, kwa kuwa ni vigumu kupata katika Kiswahili kitabu kinachouliza kwa uchungu zaidi swali la jinsi kujitawala kunavyofundishwa.

Jina lenyewe ni la Kikatoliki tupu: Rosa Mistika, Waridi la Fumbo, ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Loreto. Binti amebatizwa kwa jina la usafi. Anayelinda usafi huo ni baba yake, Zakaria, na njia yake ni fimbo. Anapogundua barua ya kijana Charles anampiga Rosa kipigo cha kutisha, na kuanzia hapo mvulana yeyote anakuwa mwiko. Lakini Zakaria mwenyewe ni mlevi. Ndani ya nyumba moja, asiyeweza kujizuia mbele ya kibuyu ndiye anayemzuia mwenzake.

Wahakiki wengi wameishia hapo, wakihukumu malezi makali. Riwaya inakwenda mbali zaidi ya hapo. Rosa anapofika shuleni, mbali na fimbo, haanguki mara moja. Kwanza anawaogopa wanaume, na watu wanauona woga ule kama fadhila. Kwa muda anaonekana kuwa mfano wa msichana mwenye kiasi. Kezilahabi anamwonyesha msomaji kwamba hakuna kiasi pale. Kuna fimbo iliyohamia ndani. Siku woga unapokwisha, hakuna kitu chochote chini yake cha kumshika, wala hakuna mtu. Baba hawezi kuambiwa. Shule inaangalia nidhamu, si moyo. Kanisa limempa jina na halikumpa mtu wa kuketi naye. Rosa anashuka hatua kwa hatua hadi kujiua, na katika kila hatua kuna mlango ambao ungeweza kufunguliwa na mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli bila kupigwa.

Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, Rosa Mistika ni riwaya ya mtu asiye na simulizi ya nuru. Anapofikia hatua ya kuchumbiwa na maisha yake ya nyuma yanapokuwa swali, ukweli unafika ukiwa umechelewa na ukiwa mzito kupita kiasi, kwa sababu haukuwahi kugawanywa katika vipande vidogo vya jana na juzi mbele ya watu walioweza kuupokea. Ni kweli kwamba Kezilahabi haandiki juu ya Walokole, na Ukerewe ya Kikatoliki ina sakramenti ya kitubio ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo. Lakini kitubio ni siri ya padri na mwungamaji. Kinamwondolea mtu hatia bila kumpatia kikundi. Kama riwaya ina lawama kwa kanisa, iko katika ukimya huo, na imefichwa vizuri kiasi kwamba waliotaka kuipiga marufuku hawakuiona.

Nadhiri na fungu la fedha

Mwaka 2003 Marekani ilianzisha mpango wa dharura wa rais wa kupambana na UKIMWI, maarufu kwa kifupi cha PEPFAR. Sheria yake ilielekeza kwamba asilimia 33 ya fedha za kinga itumike kwa programu za kujizuia hadi ndoa, na sharti hilo lilibaki hadi sheria ilipopitiwa upya mwaka 2008. Uganda, yenye Balokole wake na yenye sifa ya kupunguza maambukizi, ikawa uwanja mkuu wa wazo hilo. Vijana walifundishwa, wakaweka nadhiri, wengine wakasaini kadi. Mtindo huo haukuzaliwa katika ukanda huu. Ulikuwa umekwisha kukomaa katika makanisa ya kiinjili ya Marekani katika miaka ya 1990.

Kadi ya nadhiri ni matini, na inaweza kusomwa kama matini. Nafsi yake ni ya kwanza umoja. Wakati wake ni ujao: nitafanya, sitafanya. Haina jana. Haina jina la mtu mwingine atakayeulizwa, wala haina mstari wa kuandika siku ambayo mwenye kadi ameshindwa. Atakayeshindwa hana pa kurudi, kwa sababu kadi yake imekwisha kuwa ya uongo. Ni simulizi ya wokovu iliyogeuzwa kuwa mkataba, na Rosa wa siku za woga wake angeisaini bila kusita.

Mwaka 2016 Nathan Lo, Anita Lowe na Eran Bendavid walitathmini matokeo kwa kulinganisha nchi za Afrika zilizopokea fedha hizo na zisizopokea, jumla nchi 22. Kati ya 2004 na 2013 zaidi ya dola bilioni 1.4 zilikuwa zimetumika kwa kujizuia na uaminifu. Hawakuona uhusiano wowote kati ya fedha hizo na mabadiliko ya mwenendo: si katika idadi ya wenzi, si katika umri wa kuanza kujamiiana, si katika mimba za utotoni.

Upande wa pili uko ushahidi wa miaka iliyotangulia. Uganda ilikuwa imekwisha kuona maambukizi yakishuka katika miaka ya 1990, kabla ya mpango huo kuwako. Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walieleza kuwa kilichoitofautisha Uganda na majirani zake ni njia ya mazungumzo: watu wengi zaidi walipata habari za UKIMWI kutoka kwa marafiki na jamaa, na wengi zaidi walimjua mtu aliyeugua au kufa kwa ugonjwa huo. Habari haikutoka juu tu. Ilizunguka.

Ingekuwa kosa kudai kwamba Uamsho ndio uliosababisha kushuka huko. Ushahidi wa hilo haupo, na sababu zilikuwa nyingi, vifo vyenyewe vikiwa mojawapo. Kinachoweza kudaiwa ni chembamba zaidi: jamii iliyokuwa imezoea, kwa vizazi viwili, kuona watu wakisimama na kutaja kosa lao la jana ilikuwa na umbo la mazungumzo lililofaa wakati wa janga, na fedha zilipokuja hazikulitafuta umbo hilo. Zililitafuta kanisa kama jengo lenye viti na mchungaji mwenye sauti. Mshauri wa sera anayeandika leo kwamba mashirika ya kidini yatahamasisha vijana kujitawala angefaa aeleze katika aya inayofuata ni watu wangapi watakaa pamoja, mara ngapi, na nini kitamtokea anayesema ameshindwa. Bila aya hiyo, mradi ni kadi tu.

Orodha

Limebaki jambo ambalo hoja ya ushirika haiwezi kulikwepa, nalo linairudisha makala palepale Uamsho ulipoanzia. Mwaka 1994 nchi iliyozaa abarokore, nchi ambayo idadi kubwa kabisa ya watu wake walikuwa wamebatizwa, iliona mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na baadhi ya mauaji yalifanyika ndani ya makanisa. Haitoshi kujibu kwamba wauaji hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo humwokoa msemaji na kuliacha swali.

Waanglikana wenyewe waliouhakiki Uamsho baada ya mauaji walielekeza kidole kwenye orodha ya dhambi. Ndugu walipoketi nuruni walijua mambo ya kutajwa: pombe, tumbaku, wizi, uzinzi, hasira, ugomvi wa nyumbani. Ni dhambi za mtu na mwili wake, za mtu na jirani yake wa karibu. Utii kwa mtawala anayeagiza uovu haukuwa na safu yake katika orodha. Chuki ya kabila iliweza kuungamwa kama hisia mbaya ya moyo; haikuungamwa kama mpango wa ajira, shule na vitambulisho uliokuwa ukiendeshwa mchana kweupe. Kipimo kilikuwapo na kilishikwa na wengi, lakini kilipima vitu vidogo kwa usahihi mkubwa na vitu vikubwa hakikuvigusa. Hapa *kiasi* lenyewe linaweza kuwa na lawama. Neno linalokumbusha chumvi na nafaka halimwambii mtu kwa urahisi kwamba kuna agizo ambalo kipimo chake sahihi ni kukataa kabisa.

Hata hivyo si kila aliyelelewa katika ushirika huo alishindwa kuliona hilo. Yona Kanamuzeyi, mhudumu wa Kanisa la Anglikana na mtu wa Uamsho, alifanya kazi Nyamata, katika Bugesera, miongoni mwa Watutsi waliokuwa wamehamishiwa huko kwa nguvu. Mwezi Januari 1964, katika kisasi kilichofuata shambulio la wakimbizi wenye silaha kutoka Burundi, wanajeshi walimchukua wakamuua. Joe Church aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Kikao cha Nyamata kilikuwa na watu wa makabila yote mawili, na katika majuma yale hatari kiliendelea kukutana.

Miaka 30 baadaye, mwezi Aprili, maelfu ya watu walikimbilia kanisa Katoliki la Nyamata wakaulia humo. Jengo hilo sasa ni ukumbusho, na mwaka 2023 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nguo za waliouawa zimewekwa juu ya mabenchi.